Ukungu wa Maboksi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa watoto arobaini na mmoja, kabati lisilo na kitasa, na rundo la maboksi matupu lililofika usawa wa dirisha. Shule ilikuwa mjini Morogoro, upande wa Kilakala. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu majuzi tu, na mkobani nilikuwa na mkasi mpya ulionifanya nijione fundi. Mwalimu Mkuu, mama mnene mwenye sauti ya chini, alinionyesha yale maboksi akasema hizo ndizo zana zangu za stadi za kazi kwa mwaka mzima, nisitegemee nyingine. Kisha akaniagiza jambo la ajabu: kabla ya kukata chochote, kila mtoto akae na boksi lake kwanza. Akitaka aingie ndani, akitaka ajifunike, akitaka alilalie.

"Mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka alizoee," akasema, akaenda zake.

Niliona ni namna ya kupoteza kipindi, lakini mgeni hana sauti, nikatii. Basi wakaingia. Wenye maboksi makubwa wakakaa ndani wamekumbatia magoti, wenye madogo wakayavaa kichwani. Kelele zikapungua, zikaisha. Mmoja alikuwa akiimba kwa kuguna ndani ya boksi la sabuni, mwingine akasinzia. Nje ya dirisha milima ya Uluguru ilikuwa imevaa mawingu yake ya kila siku, na mimi nimesimama katikati ya maboksi yanayopumua, sijui nifanye nini na mkasi wangu.

Ninyi mnaonunua zana dukani huenda hamjawahi kulichungulia boksi, kwa hiyo niwaeleze. Boksi gumu lina ngozi mbili, na katikati yake kuna karatasi ya mawimbi. Ukilikunja kwa kufuata mawimbi, linatii. Ukienda kinyume, linavunjika na kuota makunyanzi. Kabla ya kukunja tulikwaruza mstari kwa kalamu iliyokwisha wino, ili kunjo lisitangetange. Kile kipande cha pembeni kinachopakwa gundi tulikiita ulimi. Gundi yenyewe ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo, tukitia na chumvi kidogo ya kufukuza mende, ingawa mende wa Morogoro sijawahi kuona wanachokiogopa.

Mwaka wetu tuliuhesabu kwa kazi za mikono. Idi ikikaribia, tulikata miezi miandamo kwenye vikasha vya dawa ya meno na majani ya chai ambavyo watoto walivileta kutoka nyumbani. Ikija Diwali, tulitengeneza maua ya kutundika juu ya mlango wa Mzee Lalji, mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye aliyetuwekea maboksi makubwa. Noeli ilikuwa na pango lake, ng'ombe wa trei za mayai na nyota. Masika watoto hawatoki nje, kwa hiyo tulijenga nyumba, mtaa mzima, na kila mmoja alijua nani anaishi wapi.

Sasa niseme udhaifu wangu. Napenda kitu kinyooke. Watoto wakishaondoka nilibaki darasani nikipunguza hapa kidogo, pale kidogo, nabandua ulimi uliokaa upande, nabandika upya. Mkaguzi wa shule alipokuja, siku hizi mnamwita mthibiti ubora, alizunguka meza ya maonyesho akasema, "Mwalimu Apolonia, watoto wako wana mikono." Nilishukuru kwa adabu zote. Mikono ni ya nani nilikuwa naijua mwenyewe.

Sifa hizo zilinifuata nilipohamishiwa shule moja karibu na Mzumbe, na baadaye nilipopandishwa mlimani, upande wa Kinole, kwenye darasa la awali la shule moja yenye ukungu unaoingia darasani bila kubisha hodi. Asubuhi nyingine niliita majina nikiwasikia watoto kabla ya kuwaona. Maboksi kule yalikuwa ya kutafuta, na yakilala dirishani yanaamka yamelegea. Nilipapenda. Mtu anaweza kuishi mahali kama pale akasahau kwamba ameamka.

Katika darasa hilo alikuwemo Teodora, mtoto wa miaka sita, asiyesema sana, aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Mwaka huo, vuli ilipoanza, niliwapa watoto kazi ya pango la Noeli. Wengine wakaanza na punda na nyota. Teodora akaloweka boksi kwenye ndoo mpaka ngozi zikaachana, akazibandua moja moja, akazianika ukutani. Zilipokauka alizipaka chokaa iliyobaki baada ya kupaka kuta, akazifunga kwa kamba za mgomba, shuka juu ya shuka. Ilimchukua wiki tatu. Kila nilipomuuliza anatengeneza nini, aliniangalia kana kwamba nimeuliza jina langu mwenyewe.

Ikafika jioni ya kuamkia maonyesho. Mratibu Elimu Kata angekuja, na wazazi wote. Nilitazama meza yangu: punda wawili, nyota kumi na tatu, na lile rundo jeupe la Teodora lenye mapengo, limelala pembeni kama nguo za kufua. Pango halikuwa na kondoo. Nilichukua mkasi. Kwenye rundo hilo nilikata kondoo tisa wazuri sana, nikawapa masikio, na mabaki nikayatia kwenye kapu la taka.

Asubuhi Mratibu aliwashika kondoo mmoja mmoja, akauliza ni kazi ya nani. Kwa kujivuna nikamwita Teodora mbele. Akasimama. Aliwaangalia kondoo, akaangalia chini ya meza, kisha akaniangalia mimi.

"Mama atapita wapi?" akauliza.

Nikacheka, wazazi wakacheka, Mratibu akampigapiga begani. Bibi yake hakucheka. Watu walipotawanyika alinivuta kando akanieleza, na nilitamani ardhi inifiche. Mama yake Teodora, Veronika, alikuwa akishuka alfajiri kila siku ya gulio na mzigo wa ndizi, na hatua chache tu kutoka mlangoni ukungu humchukua. Jioni hutoka ndani ya ukungu huohuo. Tangu mwanzo wa vuli alikuwa amelazwa hospitalini mjini, na hali yake haikuwa nzuri. Mtoto alikuwa anatengeneza ukungu wa kumrudisha, na mimi nilikuwa nimeukata ukawa kondoo.

Mwalimu Mkuu wa shule ile, mwanamume mkavu asiyependa maneno mengi, alisikia. Alikuja darasani, akamnyanyua kondoo mmoja, akamgeuza.

"Kazi yako ni nzuri," akaniambia. "Ya mtoto iko wapi?"

Shule ikafungwa, Noeli ikapita, na sikuionja. Habari kutoka mjini zilikuwa zilezile, leo afadhali, kesho vibaya. Kilichonikosesha raha ni hiki: Veronika asiporudi, mtoto huyu atakua akiamini kwamba mama alifika, akakosa pa kupita. Aliyeushika mkasi ni mimi.

Kwetu mtu mzima hamwombi radhi mtoto wa miaka sita. Anampa pipi, yanaisha. Mimi nilikwenda kwa bibi yake, nikaketi kwenye kigoda, nikamwambia Teodora kwamba nilikosea, nilikata kitu chake bila kumuuliza. Bibi aliona haya kwa niaba yangu, akasema mwalimu asijisumbue, huyu ni mtoto tu.

"Utaurudisha?" Teodora akauliza.

"Siwezi. Anayeujua ni wewe. Mimi nitaleta maboksi."

Nilishuka mjini kwa Mzee Lalji, naye akanipa maboksi yote ya juma zima, na dereva wa bodaboda akayapandisha mlimani akilaani kila kona. Shule ilipofunguliwa, Teodora akiwa bado na mwaka mmoja darasani kwangu, niliyaweka mbele yake. Hakuyagusa. Aliingia ndani ya moja, akakaa. Siku ya pili akakaa. Wiki ikaisha, ya pili ikaisha, mtoto yumo ndani ya boksi na mimi nafundisha irabu huku moyo wangu uko humo ndani pamoja naye. Sikumhimiza.

Jumatatu moja nilimkuta amechota maji. Alibandua, akaanika, akapaka chokaa. Wenzake wakaomba kumsaidia, akawapangia kazi kwa ukali wa nyapara. Mimi nilifunga mikono nyuma, na vidole vilikuwa vinaniwasha. Ukungu ukakua mpaka ukatoka ukuta hadi ukuta, mweupe, wa tabaka nyingi, ukitikisika mtu anapopita. Dirisha likifunguliwa ulipumua. Watoto walipunguza sauti wakiwa karibu nao, hakuna aliyewaambia. Chini kabisa Teodora aliacha tundu, limepinda vibaya sana. Nikathubutu kumwambia kwamba mama ni mtu mzima, hatatosha pale.

"Atainama," akasema.

Kwa kuwa darasa lilihitajika, tuliukunja tukauweka juu ya kabati, tukawa tunautundika Ijumaa tu.

Veronika alirudi siku ya Jumatano, masika yakiwa yamepumzika, jua kali, mlima mzima umesafishwa, hata wingu moja hakuna. Bodaboda ilisimama uwanjani saa nne kamili, akashuka mwanamke mwembamba aliyejifunga khanga kichwani, akamwita binti yake. Watoto wote wakakimbia. Teodora alisimama mlangoni. Mama akanyoosha mikono, mtoto akarudi nyuma hatua moja.

"Subiri kwanza, mama."

Akageuka ndani, na wenzake nyuma yake, wakapanda madawati, wakaushusha ukungu. Kamba zilikuwa zimejisokota, ikabidi zifunguliwe moja baada ya nyingine kabla ya kuutundika. Veronika aliketi kwenye benchi la nje. Mtoto wake alikuwa hajamwamkia, na niliona jinsi alivyokuwa anaumia, maana amesafiri mgonjwa kuja kuisikia sauti hiyo. Akaniuliza kwa upole kama binti yake amemsahau.

"Hajakusahau, dada," nikamwambia. "Anakutengenezea njia. Nakuomba umngoje."

Robo saa nzima. Kisha Teodora akatoka, akamshika mama yake kidole, akampeleka mbele ya ukungu, akamwonyesha tundu. Yeye mwenyewe akazunguka upande wa pili. Veronika alitazama kile kitu cheupe kwa muda mrefu. Akapiga magoti polepole, akainama, akaingia. Shuka ziligusana, moja ikachanika. Akatokea upande wa pili na chokaa kwenye khanga, na mtoto alikuwa pale akimngoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikatoka nje nikalia, wala sikujali nani ananiona.

Nilistaafu mwaka jana. Siku ya kuagwa walinipa kitenge na cheti, na Afisa Elimu akasoma orodha ya vituo vyangu na maonyesho yaliyosifiwa. Walimu vijana wakaomba niwaachie neno. Nilikuwa nimejiandaa kusema juu ya gundi na mikunjo, lakini nikajikuta nawaambia kwamba mama mmoja alishuka kwenye bodaboda saa nne kamili, na mwanawe akamwona amefika saa nne na robo. Miaka yote niliyofundisha, nikawaambia, kazi niliyoifanya vizuri ni ile robo saa, niliposimama na mikono nyuma.