Muajentina wa Runyenjes aliyenikataza kuondoka mezani

Jumamosi, mwezi wa saba, miaka ya Emergency, wakati wa Mau Mau. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kukata masikio.

Hivyo ndivyo daftari langu linasema, wakuu. Nawasalimu wote. Mjukuu ndiye anachapa, maneno ni yangu, na sitatia chumvi. Niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mnivumilie.

Nilikuwa na butchery Embu town, na Emergency ilikuwa imeiua. Wakulima wamefungiwa vijijini, soko mara lifunguliwe mara lifungwe, nyama inanikaukia kwenye ndoano. Nikikosa customer mkubwa mwezi huo, nafunga.

Ndipo nikasikia kuna Muajentina karibu na Runyenjes, fundi wa mitambo ya kahawa, mwenye wafanyakazi wengi wa kulishwa.

Nikampelekea salamu. Akanialika chakula cha mchana, na nyama yenyewe akanunua kwangu, maana alijua mimi ni Mwislamu.

Saa saba kamili, saa aliyonipa, niko mlangoni. Mkewe bado ana taulo kichwani! Baadaye nilielewa kwamba kwao mgeni wa chakula huchelewa kidogo. Basi aibu ilikuwa yangu.

Fundi akatoka, akanikumbatia, akanibusu shavuni. Mzungu! Miaka ile! Sikujua niweke mikono wapi.

Nikaanza mara moja: "Bwana, nimekuja kwa habari ya nyama."

"Nyama iko kwa moto," akajibu kwa Kiswahili chake cha kazini. "Mama yako mzima?"

Nikashika koleo nigeuze mbavu, maana kwetu mgeni asiyesaidia ni mvivu. Akaninyang'anya akicheka. "Hapana! Wewe butcher kwako. Moto hii yangu."

Tukala. Sikujua mbavu zangu ni tamu vile.

Nilipomaliza nikanawa, nikasimama kuaga. Kafyu ilikuwa saa kumi na mbili, na Embu si karibu.

Uso wake ukabadilika. "Wewe nakula, nakimbia? Chakula yangu mbaya?"

"La, bwana. Askari watanishika."

"Mimi napeleka wewe na gari. Kaa!"

Nikakaa. Tukaongea habari za mama zetu, watoto, ng'ombe wa kwao. Sahani tupu, mkewe anacheka, masaa yanaenda. Habari ya order, hata neno moja. Nikajua nimeikosa.

Kabla ya kafyu akanipeleka kweli. Kwenye kizuizi cha barabarani homeguard, wale walinzi wa serikali, wakachungulia garini. "Huyu rafiki yangu," akasema. Wakatupisha.

Mlangoni kwangu akanibusu tena, majirani wanatazama. Ndipo akasema: "Jumatatu leta ng'ombe mzima. Kila wiki hivyo."

Sisemi Waajentina wote wako hivi. Nilimjua mmoja tu na mkewe, na yeye kwa mafundi wake alikuwa na hasira mbaya, nimemwona. Lakini kwa mgeni, sijaona mtu kama yeye.

Nilichojifunza ni hiki: kwao business inafuata baada ya kukujua, na kukujua kunataka muda. Au labda sikuelewa vizuri. Nyinyi mliofanya kazi nao, nirekebisheni hapa chini.

Jioni ile nyumbani kulikuwa na githeri ya njahi, mahindi na maharagwe meusi. Nilikuwa nimeshiba, nikala kidogo. Mke wangu aliposimama kutoa sahani nikamwambia, "Mama Halima, kaa kwanza." Akaniuliza kama naumwa. Akakaa.