Timazi Hapandi Tena

Kuna watu hawaonji pombe hata waambiwe ni dawa, na fundi huyu alikuwa mmoja wao. Wenzake walimwita Timazi, jina la ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu ukuta alioujenga ulinyooka, na mwenyewe alikuwa mtu wa kunyooka vilevile: akisema saa moja, saa moja yuko. Miaka ishirini na mbili alikuwa mtu wa juu, wa jukwaani, mwiko wa chuma mkononi na utani mdomoni kwa walio chini wanaokoroga zege. Basi ndiye huyo huyo ambaye sasa mtaa mzima ulimwita mlevi.

Ilianza asubuhi moja alipojigeuza kitandani. Chumba chote kikazunguka, akang'ang'ania godoro kwa mikono miwili. Mkewe akadhani ni homa. Muuza dawa akasema ni presha, na watu wa duka la dawa hawakosi jibu. Timazi akameza vidonge vya presha asiyokuwa nayo, kisha vya kuzuia kizunguzungu, wiki baada ya wiki, vikawa vinamsinzisha tu. Kazini, kila alipoinua uso kutazama mstari wa juu wa matofali, miguu ilimlegea. Siku moja aliyumba, akaangusha ndoo, ikatua hatua mbili kutoka kwa mkoroga zege. Mkandarasi akamwambia ashuke, akajitibu kwanza. Haikupita wiki, likazuka neno kwamba Timazi anakunywa. Watoto wake wakaletewa maneno hayo mpaka shuleni. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na sijui kama kuna methali iliyowaumiza wasio na hatia kuliko hiyo.

Daktari aliyemfaa alikuwa mama mmoja mfupi, mkali, asiye na muda wa porojo. Alimkalisha kitandani, akamlaza chali kwa ghafla, kichwa kikining'inia, akamkodolea macho.

"Macho yako yanacheza," akasema. "Baba, huna presha wala huna mashetani. Ni sikio. Ndani kabisa kuna vichembe, mfano wa mchanga, vimehama mahali pake."

Akamgeuza kichwa upande huu, akangoja, akamgeuza upande ule, akangoja. Timazi akatapika kwenye beseni, na alipoinuka dunia ilikuwa imetulia nusu. Nusu iliyobaki, akaambiwa, ni ya jasho lake mwenyewe: aache vile vidonge vya kumsinzisha, atembee, asijifiche kitandani, na afanye mazoezi kila siku bila kukosa.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kichekesho. Herufi moja kubwa ilibandikwa ukutani, naye asimame mbele yake, macho yasibanduke hapo, huku akitikisa kichwa kushoto na kulia.

"Unamkatalia nani, baba watoto?" mkewe alimtania.

"Namkatalia anayesema nimelewa."

Mkewe akacheka kidogo, akaenda jikoni. Mwanamke huyo hakumwacha hata siku moja. Vile vichembe vilipohama tena, ni yeye aliyekishika kichwa cha mumewe kwa viganja vyake na kukigeuza kama daktari alivyomfundisha, kisha akamfuta matapishi kidevuni bila kukunja uso. Mtu na aseme atakalo kuhusu ndoa za siku hizi, Timazi alijua ameoa.

Mwezi wa tano wa mazoezi akaweka ubao juu ya matofali pale uani, akatembea juu yake, akageuza shingo, akatazama juu, akarudi. Hakuyumba. Daktari akamwandikia barua: arudi kazini, apande kidogo kidogo, afunge mkanda wa usalama. Usiku ule furaha ilimnyima usingizi, na asubuhi aliipiga pasi ovaroli yake mwenyewe, ovaroli ambayo ilikuwa haijawahi kuona pasi.

Mkandarasi aliisoma barua amesimama, akamrudishia.

"Barua nzuri, fundi. Lakini inazungumzia sikio."

"Si ndio ugonjwa wenyewe, bosi."

"Mimi sina ugomvi na sikio lako. Mlevi simpandishi."

"Nani aliyewahi kuniona hata nimeshika chupa? Mtaje mmoja!"

Mkandarasi akashusha sauti, kwa aibu ya kumwaibisha mtu mzima. "Shemeji mwenyewe alikuja hapa ofisini, siku tatu tu baada ya wewe kushuka. Alilia. Akasema unakunywa kwa siri, tusikupandishe kamwe. Mke akishasema, nimuulize nani tena?"

Timazi alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, na hakupepesuka hata hatua moja. Hilo nalo lilimuuma. Mkewe alikuwa anaanua nguo. Alipomwona usoni, alijua, na hakukana.

"Nilichoka kungoja kuletewa maiti," akasema.

"Watoto wanaitwa watoto wa mlevi." Timazi akasimama mbele ya kamba ya nguo. "Miezi mitano unanishika kichwa kwa mikono hiyo hiyo, na unajua sijaonja pombe tangu nizaliwe. Kama hukutaka nipande, si ungewaambia tu kwamba naumwa?"

Mwanamke akakunja shati la mumewe, mkono mmoja, kisha wa pili.

"Ningewaambia unaumwa," akasema, "wangekungoja upone."