Picha namba saba ya Kisiba: walitaka niseme filamu iliungua

Habari zenu wakuu. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, na shule yangu iliishia la saba, kwa hiyo mtanivumilia. Naandika niliyoyaona tu. Nisipojua nitasema sijui. Mengi nimeyatoa kwenye daftari langu la wakati ule.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, maduka ya Tukuyu yameanza kujaa vitu, nami nikafungua studio ya picha karibu na soko.

Polisi walikuwa na kamera, filamu hawana. Kukitokea jambo wananifuata. "Fundi, beba vyombo."

Kuhusu crime scene nilikuwa sijui kitu. Aliyenifundisha ni koplo mmoja wa upelelezi: piga ya mbali, piga ya karibu, weka rula pembeni, andika namba ya kila picha. Nisimwonee, alikuwa mwalimu mzuri. Glovu zake zilikuwa mifuko ya nailoni, na kazi alifanya.

Asubuhi moja tukaenda kijiji cha Kisiba. Mzee mmoja, mkulima wa ndizi, kakutwa nyuma ya nyumba yake amekufa, kapigwa kichwani.

Tulipofika, kina mama walikuwa wameshafagia uwanja wote.

Msiwalaumu. Kwetu msiba ukiingia watu wanakuja, na uwanja mchafu ni aibu kwa marehemu. Hata mama yangu angefagia.

Koplo akashika kiuno. "Mama, mmefagia na kesi yangu."

Jirani mmoja, fagio bado mkononi, akamjibu, "Sasa baba, watu wakae kwenye uchafu?"

Karibu na mlango wa nyuma ilibaki alama moja ya katambuga, vile viatu vya tairi. Mistari ya fagio ilikuwa imepita juu ya ncha yake. Yaani aliyekanyaga pale alikanyaga kabla ya kufagiwa. Nikaweka rula, nikapiga. Picha namba saba.

Mchana wakamkamata Ambokile, mtoto wa kaka yake marehemu. Yeye na mzee waligombania mpaka wa shamba wiki ile ile, kijiji kizima kilisikia. Koplo akampima mguu mbele yangu. Ulizidi ile alama kwa vidole viwili.

Kesho yake koplo akaja studio.

"Fundi, namba saba iliungua."

"Haijaungua afande, haikuingiwa na mwanga. Ile pale inakauka."

"Nakwambia iliungua. Hiyo ni alama ya mwombolezaji tu, itatuvurugia kesi."

Wakuu, huenda alikuwa sahihi. Jirani yeyote angeweza kupita pale kabla ya fagio. Kwenye daftari siku hiyo niliandika: "Mimi ni nani nibishane na mtu aliyesomea?" Nikaipigia mstari.

Lakini kesi ya kuua mwisho wake ni kitanzi. Na mwenye shingo alikuwa Ambokile, si mimi wala koplo.

Nikamwambia, "Afande, wewe ndiye ulinifundisha kuandika kila namba. Sita ipo, nane ipo. Saba naitoa wapi nikiulizwa?"

Akaondoka. Picha zote nilizipeleka kituoni na orodha ya namba, saba ikiwemo. Hawakuniita tena. Mpiga picha mwenzangu aliyechukua nafasi yangu alinicheka mbele ya wateja: "Wakili wa darasa la saba huyo."

Sawa. Nilibaki na picha za harusi na kipaimara.

Kesi iliposikilizwa Mbeya, upande wa utetezi uliiona saba kwenye orodha, ukaniita. Wakili wa serikali akaanza na shule yangu.

"Nyayo ulisomea wapi?"

"Sikusomea, mheshimiwa. Nilisomea kamera, nayo kwa kuharibu filamu."

Watu wakacheka. Hata jaji nadhani.

"Unaweza kuapa hiyo ni alama ya muuaji?"

"Siwezi. Naapa fagio lilipita juu yake, na ni fupi kuliko mguu uliopimwa mbele yangu."

Ambokile aliachiwa. Mama yake alinishika mikono miwili, "Ndaga fijo," yaani asante sana.

Sasa hili huwa nalisema kwa shida. Mjane wa marehemu nilikutana naye sokoni Tukuyu. Hakunitukana. Alisema, "Umemtoa huyo, mwanangu. Basi niletee aliyeua."

  Mpaka leo hakuna mwingine aliyekamatwa, na kama Ambokile alihusika kwa njia nyingine, mimi sijui.

Nimejiuliza miaka yote hii kama nilikosea. Jibu langu ni lile lile: kazi yangu ilikuwa kuonyesha kilichokuwepo chini. Nani afungwe haikuwa kazi yangu, na nani aachiwe pia. Mkinirudisha pale kesho, namba saba ipo.

Siku hizi uwanja haufagiwi, unakanyagwa na wenye simu kabla polisi hawajafika, na picha hazihitaji kuungua, mtu anafuta kwa kidole. Mlioko kwenye fani, mmewahi kuombwa mfute? Mlijibu nini? Na anayeona nilimkosea yule mjane, aseme tu. Nitasoma.