Mama Hamamu na Gari Jeusi la Shinagawa

Saa kumi na nusu alfajiri, jua bado halijatoka baharini, lakini Hatsue Odagiri ameshakizunguka kiwanja chake cha maegesho mara tatu. Anasogeza koni nyekundu hatua moja kushoto. Anairudisha kulia. Anachungulia barabara ya juu, anapiga mafunda mawili ya chai ya shayiri akiwa wima, kisha anaifuata koni ileile na kuisogeza tena.

Taa za gari la kwanza zinachomoza kwenye kona ya makaburi. Filimbi iko mdomoni kabla gari halijakata kona.

"Kashiwa! Leo umechelewa. Mkeo alikunyima funguo?"

"Alinifichia suruali, Mama," anajibu dereva, daktari wa meno wa makamo, huku akishusha kioo. "Mawimbi yakoje?"

"Kwani mimi nauza mawimbi? Namba saba, twende. Na ole wako ukojoe kwenye ukuta wa watu."

Kashiwa si jina lake. Ni mji ulioandikwa kwenye pleti ya gari lake, na kwa Hatsue kila mgeni anaitwa kwa pleti yake. Yuko Tama mwenye mbwa watatu, yuko Omiya asiyelipa mpaka abishane. Wanakuja Uramizu kucheza na mawimbi, mbao zao zikiwa zimefungwa juu ya paa, na kila anayeingia hupewa kijibao cha mbao chenye namba akitundike kwenye kioo cha ndani.

Vijibao hivyo vina historia. Kiwanja hiki kilikuwa hamamu, bafu la kulipia la kijiji kizima, na Hatsue alikaa kwenye kiti cha juu pale mlangoni kwa miaka thelathini na mmoja, akipokea hela na kulinda viatu. Vijibao ndivyo vilivyokuwa funguo za makabati ya viatu. Hamamu ilipovunjwa, kijiji kilichora mistari ya nafasi ishirini na nane, na Hatsue akaja na vijibao vyake ndani ya ndoo. Namba nne na namba tisa hazimo, kwa kuwa huku ni namba za nuksi.

"Wanaume wote wa kijiji hiki nimewaona uchi," anasema bila haya. "Ndiyo maana hakuna anayenitisha."

Ana miaka sitini na tisa, ni mjane, na mwanaye wa pekee anaishi mbali kaskazini. Kila gari hulipa yeni elfu moja, zinazoingia mfuko wa kijiji, naye hupata elfu tano kwa siku ya kazi. Pensheni yake ya mwezi haifiki elfu sitini. Lakini ukimuuliza kama ni fedha inayomwamsha alfajiri, anakutazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Nikikaa ndani nasikia jokofu tu. Lenyewe linanguruma, mimi nalisikiliza. Hayo ni maisha?"

Leo hatulii hata kidogo, na ana sababu. Ni Agosti kumi na tatu, siku ya kwanza ya Obon, sikukuu ya wafu, roho za waliotangulia zinaporudi kuwaona wa kwao. Pia ni siku ya mwisho ya majaribio. Tangu Julai ianze, makubaliano ya kijiji ni kwamba gari la mgeni likionekana hata mara moja kwenye vichochoro vya nyumba, kiwanja kinafungwa na barabara ya ufukweni inawekewa mnyororo. Wiki sita zimepita bila kosa. Saa kumi jioni watu wa nyumba hamsini na nane watakutana ukumbini kupiga kura.

Aliyedai mnyororo ni Mzee Shigetada Nemoto, miaka sabini na minane, na hata Hatsue hathubutu kumlaumu. Mwaka juzi, kabla ya utaratibu huu, gari la wagonjwa lililokwenda kumchukua mkewe lilikuta kichochoro kimezibwa na gari la mcheza mawimbi. Mke alifariki siku ya tatu.

Kufika saa tatu asubuhi vijibao vimekwisha. Magari yanateremka bado, na Hatsue anayageuza moja baada ya jingine, mikono juu, jasho likimtiririka hadi kiunoni. Gari jeusi lenye pleti ya Shinagawa linasimama mbele yake. Dereva ana kofia na miwani ya jua.

"Mama, ni nusu saa tu."

"Hata dakika tano sina, baba. Nenda kituo cha garimoshi, maegesho yapo. Utarudi kwa miguu, dakika ishirini."

Mwanamume yule anamtazama kidogo, kama anayengoja kuulizwa jambo. Hatsue ameshageukia gari la nyuma na kupuliza filimbi.

Saa nne na robo Mzee Nemoto anatokea kiwanjani, simu mkononi, hatua zake fupi na za haraka.

"Hatsue! Njoo uone zawadi yako."

Kwenye kichochoro cha nyumba yake, limebanwa ukutani chini ya mti wa mpersimoni, limesimama gari jeusi la Shinagawa. Mzee ameshapiga picha. Ameshabandika na karatasi kwenye kioo cha mbele, maandishi ya brashi na wino mweusi, manene na mazuri, kwani mkono wake unasifika wilaya nzima: HAPA SI KWENU. ONDOKA.

"Nipe muda nimtafute mwenyewe, mzee wangu," Hatsue anaomba. "Nusu saa. Namtoa, hakuna atakayejua."

"Mwaka juzi nami nilimtafuta mwenyewe. Dakika kumi na moja, nikigonga mlango hadi mlango. Unazijua dakika hizo, wewe?"

Hatsue anazijua; mlango wake ulikuwa wa tatu kugongwa.

"Jioni picha hii wataiona wote," mzee anasema, kisha anaingia ndani na kufunga mlango.

Hatsue anarudi mbio ufukweni na kipaza sauti cha betri. "Mwenye gari jeusi la Shinagawa! Shinagawa, wewe, toka majini!" Vichwa vinageuka katika maji, hakuna anayetoka. Kashiwa anakuja, maji yakimtiririka.

"Mama, tulibebe. Tuko kumi na wawili. Tunalinyanyua hivi, tunalitupa barabarani."

Hatsue anakiri kwamba wazo hilo lilimpendeza. Lakini anamvisha Kashiwa filimbi shingoni, anamkabidhi kiwanja, na kupanda njia ya makaburini, kwa sababu kutoka kule juu pwani yote inaonekana.

Hahitaji kutazama pwani. Kaburini kwa mke wa Nemoto kuna mwanamume amepiga magoti, suruali ameikunja, anasugua jiwe kwa brashi. Kofia iko chini, kando ya maua yaliyofungwa kwa gazeti. Nyuma ya sikio lake la kushoto kuna kovu, alilolipata akiwa na miaka sita alipoteleza kwenye sabuni hamamuni. Aliyelifunga kwa taulo siku ile ni Hatsue mwenyewe.

"Kunihiko?"

"Kumbe unanikumbuka, Mama Hamamu."

"Mbona asubuhi hukusema?"

"Nilingoja uniulize."

Hatsue anaeleza kwamba hapo uso ulimshuka. Kunihiko ni mtoto wa pekee wa Mzee Nemoto. Baada ya mazishi ya mama yake alimtaka baba aihame nyumba akaishi naye Tokyo, wakatupiana maneno, na tangu siku ile hawajasemeshana. Leo alitaka kumwosha mama yake kwanza, apate nguvu ya kugonga mlango wa baba. Alikosa nafasi, akaegesha pale alipokuwa akiegesha baiskeli utotoni.

"Miaka thelathini na mmoja nilitazama watu, sikutazama nguo zao," anasema Hatsue. "Leo nimegeuka mtu wa kusoma pleti. Nimemfukuza mtoto wa kijiji, na sura yake ilikuwa mbele yangu, umbali wa mkono."

Anashuka mbio ili aibandue karatasi kabla mwenyewe hajaiona. Lakini magoti ya miaka sitini na tisa si ya mchezo. Anapofika, Kunihiko, aliyemfuata nyuma, yuko kando ya gari tayari, anasoma.

Hakuna haja ya kumwambia ni mwandiko wa nani. Mkono ule ndio uliomshika mkono wake alipojifunza kuandika jina lake. Anaikunja karatasi mara nne, anaitia mfukoni, anawasha gari.

Hatsue anasimama mbele ya boneti, mikono juu, kama anavyowasimamisha wageni.

"Huondoki."

"Mama, nipishe. Si umesoma?"

"Nimesoma, na sipishi. Unakuja kwangu. Nitaanua nguo, gari litaingia. Ukitaka kunikanyaga, nikanyage, lakini utawaeleza nini watu wa Obon?"

Kunihiko anacheka bila kutaka, macho yamemlowa. Gari linaingizwa uani kwa Hatsue, chini ya kamba ya kuanikia shuka. Njia imefunguka, lakini picha iko kwenye simu ya mzee, na Hatsue anajua hivyo.

Saa kumi jioni ukumbi umejaa, feni tatu zinasukuma joto kutoka kona hii hadi kona ile. Kiti cha Mzee Nemoto kiko wazi. Mwenyekiti, Bi Mitsuyo Akiba, mwalimu mstaafu asiyependa kungoja, anaanza.

"Tumesikia kuna gari limeonekana kichochoroni leo. Bi Hatsue, ni kweli?"

"Kweli."

"La nani?"

Neno moja lingekiokoa kiwanja. Angesema tu kwamba ni la mtoto wa Nemoto, na kwa hiyo si la mgeni. Lakini wote waliokaa pale walikuwa wameshasikia habari ya karatasi, hadi maneno yake. Angelazimika kumwaibisha baba mbele ya kijiji kizima, siku ileile mkewe anayorudi nyumbani.

"Ulimi ulikuwa umeshafika mlangoni," anasimulia. "Nikauuma."

Anachosema ukumbini ni hiki: "Ni gari nililolikatalia nafasi mimi. Kosa ni langu, msimlaumu mwingine."

Minong'ono inaanza. Mtu wa nyuma anasema basi, mnyororo. Mwingine anasema hata yeye alijua mambo yataishia hapo. Bi Mitsuyo ameshashika kalamu ahesabu mikono, mlango unaposukumwa, na Mzee Nemoto anaingia. Ametoka makaburini. Alikwenda kuliosha kaburi la mkewe kama kila mwaka, akakuta limeoshwa, maua yamo, na ubani unamalizikia. Akateremka kwa njia ya nyuma, inayopita uani kwa Hatsue, akaliona gari jeusi na aliyeketi barazani.

Hakai.

"Mzee, hebu tuonyeshe picha," anasema mwenyekiti.

"Nimeifuta."

"Umeifuta?"

"Gari lile ni la nyumbani kwangu. Mtoto kaja kumwosha mama yake." Anawatazama miguuni. "Mgeni hakuwepo. Lakini njia ilizibwa. Hata kama aliyeziba ni wangu, njia ilizibwa vilevile, na hilo mliandike."

Bi Mitsuyo anaandika. Mikono inahesabiwa: thelathini na tatu wanataka kiwanja kiendelee hadi Agosti ijayo, ishirini wanataka mnyororo. Mzee Nemoto hanyooshi mkono kokote.

Hatsue anatoka ukumbini akitembea, anafika nyumbani akikimbia, sijui anakimbilia nini. Kunihiko ameketi barazani na kipande cha tikiti mkononi, hajakiuma. Kabla hawajasemezana, Mzee Nemoto anasimama nje ya uzio. Mwanawe yuko hatua tano tu kutoka alipo, lakini mzee anamkazia macho Hatsue.

"Hatsue. Huyo Shinagawa wako amekula?"

"Hajala. Tikiti lenyewe analitazama tu."

"Basi mwambie chakula kiko mezani. Na mama yake ndiyo kwanza anafika, sitaki aanze kuuliza maswali."

Anageuka na kuondoka kwa hatua zake fupi. Kunihiko anaweka tikiti chini na kutafuta viatu vyake, cha kulia akikivaa mguu wa kushoto, na Hatsue anamwambia akimbie hivyohivyo.

Kwa mwaka mmoja alioupata, Hatsue ana mipango mingi, na anaitaja akiwa anatembea. Anataka nafasi mbili za mwanzo zisiwe na malipo wala kijibao, zikae wazi Obon nzima kwa waliozaliwa Uramizu, hata pleti zao ziwe za wapi. Kashiwa, aliyemrudishia filimbi yake, analalamika kwamba nafasi zitapungua.

"Zipungue," anasema Hatsue. "Na mwakani, kabla sijamwambia mtu kwamba tumejaa, nitamwinamia dirishani nimuulize kwanza: wewe ni mtoto wa nani?"