Ngazi Nane za Nyawech

Nyawech, karani wa mizigo katika uwanja wa ndege wa Juba, alikuwa na shamba la mahindi ndani ya simu. Ni mchezo wa wavivu, kama alivyopenda kusema: mahindi hukua simu ikiwa mfukoni, na kazi ya mkulima ni kukusanya tu na kulipia ngazi inayofuata. Aliuanza pamoja na mdogo wake, Tut, walipokuwa wakiishi Kitale, na tangu siku ya kwanza mashamba yao yalipakana, ua mmoja katikati.

Ua ule ndio uliomfunga kwenye mchezo. Ulimrudisha kimawazo nyuma ya nyumba ya kupanga ya mama yao, walikopukuchua mahindi ya watu hadi vidole vikachubuka. Tut alikuwa akimaliza rundo lake mapema, kisha kwa siri akipukuchua sehemu ya rundo la dada yake ili waitwe kula pamoja.

Sasa Nyawech alikuwa Juba, na Tut alibaki Kitale. Mazungumzo yao yalipungua hata yakawa salamu za Krismasi. Lakini shamba la Tut halikulala. Lilipanda hadi ngazi ya arobaini, ya mwisho kabisa, ilhali la Nyawech lilikwama kwenye thelathini na mbili. Aliona fahari, kisha hofu: mwezi huu ukiisha, mchezo ungepanga mipaka upya kwa mara ya kwanza, na wasio ngazi moja wangetenganishwa. Mwezi ulikuwa unaisha kesho jioni.

Mchezo uliruhusu kuruka ngazi, mradi zote zilipiwe kwa mkupuo. Adhuhuri, ndege ya Nairobi ikingojewa, Nyawech akachukua chaki ya kutia alama makasha, akapiga hesabu sakafuni. Ngazi inayofuata ni magunia kumi; mara nane, themanini. Ghalani alikuwa amekwisha kukusanya arobaini na matano; bado thelathini na matano tu. Karibu afurahi, akakumbuka kwamba kila ngazi huizidi iliyotangulia kwa moja ya tano. Akafuta kwa kiganja, akaanza upya: kumi, kumi na mbili, kumi na nne na kitu. Jumla ikawa mia moja sitini na tano. Alipungukiwa na mia na ishirini. Shamba lilitoa magunia matano kwa saa, basi siku nzima ingetosha. Ila mavuno yakifika arobaini bila kukusanywa, mahindi huacha kukua. Ilimpasa kukusanya kila saa nane, asikose hata mara moja.

Lubega, Mganda aliyeendesha trekta la mizigo, alisimama juu ya hesabu ile na sahani yake mkononi.

"Wewe iko na shamba mzima kwa simu," alisema, "lakini ugali kila siku unakula yangu."

"Basi kula polepole, ndugu yangu, nami nivune."

Nyawech hakukosa. Alikusanya usiku, akakusanya alfajiri nyumbani kwake, mtaa wa New Site, na kesho yake mchana, akiwa kazini, akabonyeza. Ngazi nane zikapita kufumba na kufumbua, na ua ukasimama pale pale.

Akampigia Tut, ambaye kwanza alitaka kujua nani amefariki.

"Hakuna. Sisi ni majirani tena."

"Majirani wa wapi, dada?"

"Wa shamba. Nimekufikia."

Kwa aibu, Tut akaeleza kwamba mchezo ule aliuacha kabla hata mtoto wake hajazaliwa. Alikuwa ameajiri msimamizi wa humo humo mchezoni, akamsahau. "Hiyo kitu inajiendesha yenyewe tu," alisema.

Nyawech akaketi juu ya kasha. Kila ngazi ya Tut alikuwa ameipokea kama salamu.

"Sasa hizo nane umeruka," Tut aliuliza taratibu, "kulikuwa na nini ndani?"

"Sikuziona. Na zako je?"

"Hata mimi sikuona."

Wakacheka wote wawili, kicheko kirefu kilichomfanya Lubega ageuke. Kilipokwisha, Nyawech aliuliza kama yule mtoto ameanza kutembea.

"Anakimbia, dada. Ngoja nimwite."

Akasikia mlango ukifunguliwa, na sauti ya Tut uani ikimwita mtoto kwa jina ambalo Nyawech hakuwa amelisikia likiitwa tangu Kitale: jina la mama yao.