Kuungama Dhambi ya Mwenzio

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, naikumbuka kwa sababu ya mashuka. Mwanangu, mtu aliyefua mashuka ya watu kumi na wanne kwa kuyakanyaga kwa miguu ndani ya bafu, katikati ya baridi ya London, hawezi kuisahau siku hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nesi mwanafunzi, nimetoka kwetu Taita na sanduku moja na Biblia niliyopewa na baba. Jumatano ndiyo ilikuwa siku yangu ya mapumziko wodini. Mapumziko gani hayo, mpaka leo sijui.

Nawaambia haya nikiwa nimechoka nanyi. Ndiyo, nimechoka, na sitalipamba neno hilo. Kila asubuhi nikifungua simu hapa kwangu Tooting, nakuta lile kundi lenu la vijana wa kanisa limejaa maombi. Fulani anaomba aombewe ili aweze kumsamehe dada anayekaa naye, ambaye amefanya hivi na hivi. Mwingine anaomba neema ya kumvumilia mchumba wake, ambaye ana tabia hii na ile. Chini yake amina arobaini. Hiyo si sala, hayo ni masengenyo yaliyovaa nguo za Jumapili. Na msiniambie nyanya haelewi mambo ya siku hizi. Nilifanya hayo hayo kabla simu zenu hazijazaliwa, tena nikiwa nimesimama katikati ya watu walioshikana mikono.

Wakati huo London ilikuwa imejaa vijana wenye nywele ndefu, wakitembea miguu mitupu na kuimba habari za amani. Wengi walikuwa watu wa bangi. Baadhi yao wakaacha bangi wakamfuata Yesu, lakini nywele hawakuzikata wala viatu hawakuvirudia. Kundi moja la hawa waliookoka walikodi jumba kuukuu la ghorofa nne kule Balham, nami nikahamia kwao. Mlangoni walichora njiwa wakubwa kama bata mzinga. Kila kitu kilikuwa cha wote, kama katika Matendo ya Mitume: chakula, magodoro, hata soksi. Mswaki wangu niliukuta siku moja kinywani mwa mtu. Nilipolalamika nikaulizwa kwa upole, "Dada, kwa nini unasema ni wako?" Dengu mchana, dengu jioni. Na vyombo, mwanangu, vilikaa vikisubiri mtu aguswe na Roho aende akavioshe. Roho alikuwa akinigusa mimi tu.

Mtaniuliza kwa nini nilikaa. Upweke. Kwenye bweni la manesi ungeweza kumaliza wiki hujasalimiwa, na watu hawa, pamoja na uchafu wao, waliniita dada na walimaanisha. Mkubwa wao alikuwa Colin, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye ndevu mpaka kifuani. Alipenda kunisikiliza nikisimulia habari za kwetu: jinsi ndugu wa wokovu wanavyokutana, jinsi mtu anavyosimama akaungama dhambi yake mbele ya wenzake, akaimbiwa, kisha akaketi akiwa mwepesi. Kutembea nuruni, ndivyo tulivyoita. Colin akasema hicho hasa ndicho nyumba yetu ilichokosa. Kuanzia wiki ile tukawa na ushirika wa kuungama kila Ijumaa, na mimi, binti wa mzee wa kanisa, nikawa mwalimu wao. Kichwa kikanivimba. Niliwafundisha kusimama na kusema. Yasiyopaswa kusemwa sikuwafundisha, maana mwenyewe nilikuwa sijayashika.

Chumbani tulikuwa wawili, mimi na msichana nitakayemwita Linda. Si jina lake, na msijisumbue kutafuta. Mashuka ya nyumba nzima yalikuwa zamu yetu sote wawili. Wiki ya kwanza alifua. Wiki ya pili akatoweka saa nne asubuhi, akarudi jioni mashuka yamekwisha kuanikwa. Ya tatu hivyo hivyo. Nikanuna. Sisi tuliolelewa kwa adabu hatusemi, tunanuna, kisha tunangoja mwenzetu atusome usoni. Basi Waingereza hawasomi usoni. Ukimwambia Mwingereza hamna neno, anaamini kweli hamna neno, anakwenda zake.

Hatimaye nikamuuliza anakwenda wapi. Akafunga mlango, akakaa kwenye godoro, akaniambia. Alikuwa na mtoto. Alimzaa akiwa na miaka kumi na saba, hana mume, na siku hizo hata hapa Uingereza hiyo ilikuwa aibu ya kuhamisha familia mtaa. Mama yake alimchukua mtoto akawaambia majirani kwamba amemzaa yeye, kitinda mimba wake. Sasa mtoto alikuwa na miaka minne na alimjua Linda kama dada yake. Wiki chache nyuma mama alikuwa ameanza kumruhusu Linda aje kumwona kila Jumatano, kwa sharti moja tu: siku neno hilo litakapotoka nje, asikanyage tena pale.

"Nimekuambia wewe peke yako," akasema. "Hata Colin hajui."

"Kwangu limefika mwisho," nikamjibu, na nilimaanisha. Siri ya mtungi muulize kata, na kata nikawa mimi.

Nilimwonea huruma wiki mbili. Huruma ya mtu anayefua peke yake haidumu. Ikaja hiyo Jumatano ninayowaambia. Maji ya moto yalikatika, nikakanyaga mashuka kwa maji ya bomba mpaka nyayo zikafa ganzi. Jioni Linda akarudi, mashavu mekundu kwa furaha, amekula keki, amecheza na mtoto wake kutwa nzima. Akaniuliza kama kuna chai.

Sasa hapo ndipo. Ningeweza kumwambia, "Linda, nimechoka, kuanzia wiki ijayo tufue Jumanne jioni." Asingekataa, alikuwa mtu mwema. Badala yake nikamwambia hamna neno, nikamchemshia chai, nikaenda kulala na kinyongo changu.

Ijumaa tukakaa duara. Zamu yangu ilipofika nikasimama, nikafumba macho, nikasema: "Ndugu zangu, naungama. Nina chuki moyoni mwangu juu ya dada yetu Linda. Kila Jumatano ananiachia mashuka yote, anakwenda kwa mama yake kumwona mtoto wake, na mimi nimeshindwa kumpenda. Niombeeni."

Tazama ufundi wake, mwanangu. Mwanzo naungama, mwisho naomba kuombewa, na katikati nimemchinja mtu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini sitajificha nyuma yao. Ulimi wangu haukujikwaa. Ulikwenda pale pale ulipotaka kwenda, na nilijua kabla sijafungua kinywa.

Colin akalia machozi ya furaha. Wote wakainuka wakamwekea Linda mikono, gitaa likaanza, wakaimba. Linda alikuwa akitetemeka na kulia, wao wakadhani ni toba. Katikati ya mikono ile aliniangalia mimi tu. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi. Usiku ule nililala kama mtoto mchanga.

Ingeishia hapo pengine ingetengenezeka. Lakini upendo usio na akili ni hatari kuliko uadui. Kesho yake Colin akachukua wenzake wawili na gitaa, bila kumuuliza Linda, wakavuka London mpaka kwa mama yake. Nyumba aliijua, maana ndiye aliyekwenda kuchukua sanduku la Linda alipohamia kwetu. Wakasimama langoni wakaimba. Majirani wakatoka. Mama alipofungua mlango, Colin akamwambia kwa sauti ya kuhubiri, "Mama, usione haya, tumekuja kumbariki mjukuu wako." Mtoto alikuwa amesimama pale pale, ameshika sketi ya yule mama.

Colin alirudi akitusimulia hayo kwa furaha. Alishangaa kwamba mlango ulifungwa usoni pake. Yule kijana alikuwa na moyo mkubwa, lakini haki ya nani, kichwani palikuwa na ndevu tu.

Jumatatu mama akapiga simu. Linda alisikiliza akiwa ameegemea ukuta wa ukumbini, akasema "Ndiyo, mama" mara tatu, akaweka simu chini. Jumatano akaenda hivyo hivyo, hakufunguliwa. Jumatano iliyofuata akaenda tena. Mara ya nne akakuta nyumba haina mapazia wala watu. Walikuwa wamehama, na hakuna aliyekubali kumwambia wamekwenda wapi. Akarudi Balham akafunga sanduku lake. Mimi hakuniaga, na wala sikutarajia.

Nami kumbe ile Jumamosi, kabla Colin hajarudi, nilikuwa nimemwandikia baba barua ya majigambo: nuru imeshuka Balham, binti yako ndiye aliyeiwasha. Nikamweleza yote, mashuka, mtoto, machozi, gitaa. Jibu lilinifikia wiki kadhaa baadaye. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Binti yangu," aliandika, "dhambi yako ilikuwa kununa. Ungeungama kununa, ukaketi. Mtoto yule si dhambi yako, kwa nini ulimtaja? Na mimi je, kwa nini umeniandikia habari zake? Kwetu mtu huungama lake. La mwenzake hulifunika kama anavyofunika uchi wa mzazi wake. Kabla ya kusimama mbele ya watu ulipaswa kukaa mbele ya huyo dada. Nenda kwake. Nenda peke yako, na usibebe gitaa."

Nililia, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Ilinichukua miezi miwili kumpata Linda. Alikuwa akiuza katika duka la mikate. Nilisubiri nje mpaka wateja wakapungua. Nilikuwa nimeandaa maneno marefu, na Biblia mkononi, si mnanijua. Akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Siku ile ulipomaliza kusema ukaketi," akaniuliza, "ulijisikiaje?"

Sikuthubutu kumdanganya. "Nilijisikia mwepesi," nikasema.

"Mimi nilikuwa nikijisikia hivyo Jumatano," akasema. Akajifuta mikono kwenye aproni. "Nimekusamehe. Usije tena hapa."

Akarudi ndani, na sikwenda tena. Mtoto yule, kama yu hai, sasa ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Sijui kama aliwahi kuambiwa mama yake ni nani. Sijui kama Linda alimwona tena. Sikuwa na haki ya kuuliza, na kwa miaka yote hii nimetamani kuuliza kila Jumatano ya Mungu.

Basi wekeni simu chini mnisikilize. Ukiungama, ungama lako uishie hapo. "Nina hasira, niombeeni," sentensi imekwisha. Mungu anajua hasira hiyo ni ya nani, hahitaji jina wala mtaa. Anayehitaji jina ni jirani yako. Mwenzio akikuudhi, mwambie yeye, ninyi wawili, kwa maneno machache, kabla hujaanza kujisifu kwamba wewe ni mvumilivu. Kununa si upole, na kusema hamna neno wakati neno lipo ni uongo kama uongo mwingine. Na aliyekupa siri hakukupa zawadi. Amekuwekea amana, na hata ikikulemea, hata ikikufanya ufue peke yako mpaka nyayo zife ganzi, bado si yako. Msamaha utapewa, watu wengi ni wema kuliko tunavyostahili. Lakini msamaha haukumfungulia Linda ule mlango.

Mungu awajalie, wanangu, kuwa wepesi wa kusikia na wazito wa kusema. Awape hasira fupi na marafiki wa muda mrefu. Na siku mtu atakapofunga mlango, akakaa mbele yako na kukuambia jambo lake, Mungu akusaidie aondoke pale, azeeke, afe, asijute kamwe kwamba alikuambia wewe. Amina.