Kupe wa Nyumbani Kwetu

Nilimmwagia baba mdogo mafuta ya taa shingoni, amelala. Juzi niliona ng'ombe mwenye kupe njiani, nikacheka mwenyewe. Siku ile sikucheka.

Darasani mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba anayekula bila kufanya kazi ni kupe. Kupe niliwajua vizuri: babu aliwapaka mafuta ya taa kwenye ng'ombe wake, wakadondoka. Na baba mdogo alikuwa amekula kwetu miezi mitatu, akikoroma kila mchana. Basi nikamwaga, nikasubiri adondoke.

Akaruka juu, ananuka kibatari, akamwita mama. "Shemeji, mtandike huyu mshenzi!"

"Mwalimu kasema wewe kupe!" nikalia.

Mama alishika fimbo, ila macho yake yalikuwa kwa baba mdogo.

"Shemeji, kivuko cha kurudi kwenu Sengerema kinaondoka saa ngapi?"